Agosti Chini ya Turubai

Huku kwetu Bavaria, magari ya kiangazi huingizwa ghalani siku ile lori la halmashauri linapomwaga chumvi barabarani kwa mara ya kwanza, baridi ikianza, si kabla. Chumvi huyeyusha barafu, na bodi za magari huzila vilevile. Wenye magari ya spoti hujipanga mbele ya ghala la Bi Walburga, mjane aliyeuza ng'ombe wake zamani. Matangi yamejazwa pomoni, matairi yamejazwa upepo wa ziada yasije yakabonyea kwa kusimama, betri zitang'olewa ndani. Bi Walburga humpa kila mmoja glasi ya pombe kali ya mapeasi, nao hurudi nyumbani kwa miguu, wanyonge, kama waliotoka kumpeleka mtoto bweni.

Ottmar, mwenye kiwanda cha mbao, alileta lake jekundu Agosti.

Hilo lilitushtua, sikufichi. Agosti! Jua linawaka, na kibao chenyewe cha namba kimeandikwa kwamba gari linaruhusiwa barabarani kuanzia Aprili hadi mwisho wa Oktoba, na kodi yote ya msimu ameshalipa. Watu wa kwetu hawatupi hata kipande cha kamba, seuze miezi mizima ya kuendesha. Baa nzima haikuwa na habari nyingine. Hata msiba wa Theres, mke wa Alois mwoka mikate, ulizungumzwa baada ya habari hiyo, na kwa sauti ya chini. Theres alikuwa amegongwa jioni ya siku iliyotangulia akiwa juu ya baiskeli, karibu na kanisa dogo la njiapanda, na dereva akatokomea.

"Umechanganyikiwa, Ottmar?" Bi Walburga alimuuliza akimfungulia. "Hata nyigu bado wapo."

"Nimelichoka tu, mama. Nipe ile nafasi ya pembeni kabisa."

Aliliegesha taa zikitazama ukuta, akalifunika turubai mwenyewe, akalikaza kamba, akaondoka bila kugusa glasi yake.

Chumvi ikamwagwa, magari mengine yakaingia. Theluji ikaanguka. Pale pembeni, Agosti haikuondoka. Joto lilitoka chini ya turubai pamoja na harufu ya nyasi zilizokatwa na sauti za nyenje. Mwanga wa jua la jioni ulipenya kwenye upindo ukalala sakafuni, rangi ya asali. Paa lote lilikuwa na theluji isipokuwa hapo juu yake. Bi Walburga alisogeza tenga la nyanya mbichi, zikaiva. Majirani wakafunga kamba, wakaanika nguo. Mzee Gebhard alileta kiti na magoti yake mabovu.

"Pana joto zuri," alisema. "Kavu."

Kila jioni kengele ya baiskeli ililia chini ya turubai, mara mbili. Kisha kishindo. Nyenje walinyamaza, kisha wakaanza upya. Wenye nguo walijifunza kuongea kwa sauti kubwa kidogo wakati huo. Nusu ya kijiji hula kwa kiwanda cha Ottmar.

Alois yeye hakuwa akitoka. Tangu mazishi, unga wake ulikataa kuumuka, maana Theres ndiye aliyekuwa akiwasha moto alfajiri, na mkono wa Alois hauuwezi ule moto. Akasikia kwamba kwa Bi Walburga kuna joto. Akaja na karai la kinyunga.

Tungeweza kumzuia mlangoni. Hakuna aliyemzuia. "Karibu, baba," alisema Bi Walburga, akampisha.

Kengele ikalia. Ile kengele ilikuwa na ufa. Mlio wa kwanza ulitoka vizuri, wa pili ulikwaruza, na Alois mwenyewe ndiye aliyeinyoosha kwa nyundo mwaka uliopita. Karai lilimponyoka. Mungu wangu, tulivyoshtuka! Tulikuwa tumeisikia majuma kwa majuma, lakini kuisikia mbele yake ilikuwa kitu kingine kabisa.

"Huyo ni Theres," alisema.

Akatugeukia.

"Mlijua?"

"Sisi tulikuja kuanika nguo tu, Alois," alisema Mzee Gebhard.

Polisi aliitwa, naye hupiga tarumbeta bendi moja na Ottmar. Alifunua turubai. Taa moja imepasuka, bati limebonyea. Alilitazama huku jasho likimtoka, kisha akalifunika.

"Huenda aligonga kulungu."

"Kulungu ana kengele?" Alois aliuliza.

"Ndugu yangu, siwezi kuipeleka Agosti mahakamani mwezi wa Desemba." Akavaa koti lake, akaenda.

Alois aliendelea kuja, jioni baada ya jioni. Mzee Gebhard alimwachia kiti. Ukiinama karibu, kabla ya kengele, Theres husikika akiimba puani. Alois aliinamisha sikio lake hapo, na baada ya mlio wa pili aliyaziba masikio yote mawili kwa viganja.

Aprili Ottmar alikuja na betri, taa mpya na fundi. Sote tulikuwepo, tuna nguo zetu za kuanua. Alois alisimama mlangoni, mikono mfukoni. Nilidhani ana ile nyundo ya kengele. Ottmar naye alidhani hivyo, maana aliwasha injini, kisha akakaa tu.

"Utalirudisha lini?" Alois aliuliza.

"Chumvi ikimwagwa. Kama kila mtu."

"Usichelewe, Ottmar. Tafadhali."

Nguo zilitudondoka mikononi. Ottmar akaitikia kwa kichwa. Baridi tayari ilikuwa ikiingia ghalani, na Alois akaenda kufungua upande wa pili wa mlango, maana gari lile ni pana, Ottmar asije akalikwaruza.