Minyororo Yenye Kitambaa cha Sihaba

"Rudi nyuma kidogo. Kidogo, Dullah! Simama!"

Dullah akakanyaga breki. Sihaba alipiga magoti nyuma ya pikapu ya ghala, akautandaza mnyororo juu ya tairi, akapenyeza mkono kutafuta ndoano. Ya ndani kwanza, ya nje baadaye, kisha kukaza, kusogeza gari hatua chache, na kukaza tena. Hakuna mwenye ghala Guangzhou nzima aliyewahi kumtoa kwenye utaratibu huo, si kwa chai wala kwa tabasamu.

Alipoutoa mkono, vidole vilikuwa vyeusi. Akavinusa: rangi mbichi, na chini yake kutu na mafuta yaliyochacha. 

"Laoban, rangi hii ya lini?"

Laoban, tajiri mwenye ghala, alikuwa akitafuna mbegu za maboga. "Mei wenti," akasema, hakuna tatizo, akatema ganda sakafuni. Kwa bwana huyu dunia nzima haikuwa na tatizo.

"Nenda mbele," Sihaba akamwambia Dullah.

Pikapu ikasogea juu ya zege. Hatua tano, sita, halafu ta! Mnyororo ukalala chini. Sihaba akaokota pete iliyofunguka. Sampuli waliyompa mwezi uliopita ilikuwa chuma cha kweli. Hiki kilikuwa kimepanuka kirahisi kama kibanio cha nywele.

Minyororo hii ya kuzuia matairi kuteleza ilikuwa ya kwenda Makete, nyumbani Tanzania. Kule juu, kipupwe kikiingia, asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa umande ulioganda, na barabara ya udongo huteleza kuliko sabuni. William, dereva wa pikapu ya zahanati, ndiye anayewateremsha wajawazito hospitali. Mwaka jana alizungushia matairi kamba ya katani. Ikakatikia konani, gari likaegemea mti, na mama akajifungulia pale pale kwenye bodi, mvua inamnyeshea. William alimsimulia Sihaba kwenye simu huku akilia bila haya. Baada ya hapo madereva wa kule wakachanga, wakaagiza kwake viroba arobaini.

"Ni huu mmoja tu, dada," Dullah alisema akishuka. Alikuwa mtoto wa mjomba wake, na ndiye aliyempakilia mizigo aliyowanunulia wateja wa nyumbani. "Nilikwambia uje kesho, ukang'ang'ania leo. Twende tukale."

"Viroba vingine viko wapi?"

Dullah akatazama ukuta.

Sihaba akatoka nje. Kontena lilikuwa wazi, dereva wake anapiga honi, anataka kuwahi bandari ya Nansha. Ndani, viroba thelathini na tisa vilikwisha kupangwa, na kila kimoja kilifungwa kitambaa shingoni.

Kitambaa chake! Miaka tisa sasa, kila mzigo alioufungua na kuupima kwa mikono yake, Sihaba aliufunga kipande cha kanga. Kariakoo hadi Makete, mteja hapokei kiroba mpaka akione. Kanga ya sasa aliinunua doti, nyekundu yenye korosho za kijani. Upande mmoja ndio aliokuwa akiuchana, nao ulikuwa kwenye mkoba wake. Wa pili alimpa Nahla, mke wa Dullah, wiki aliyoingia mji huu na baridi ikamtesa.

Akashika kitambaa cha kiroba cha mbele. Kilikuwa na doa la kahawia, pembe ya pasi. Nahla aliiunguza kanga ile mbele ya macho yake, akalia kwa kuharibu zawadi.

Akamgeukia Dullah, aliyemfuata.

"Umemchania mkeo nguo," alisema, "ili ukawaue watu wa William."

"Laoban alinibana, dada. Mzigo ndio huu, meli haingoji. Nami nakujua, ungekagua mpaka Idi." Akajaribu kucheka. "Ni tope tu. Watu wameishi na tope toka enzi."

Sihaba alimtazama, akamwona anameremeta jasho, na akasikia kinyaa kuliko cha yale mafuta yaliyochacha. Mtoto huyu Sihaba ndiye aliyembeba mgongoni, akamfuta kamasi kwa kanga. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, husema watu. Waongo!

Akapanda kontenani, akaanza kufungua vitambaa.

"Dada! Bila kitambaa nani atapokea?"

"Hakuna."

Alipomaliza cha thelathini na tisa, kucha mbili zilikuwa zimevunjika. Dereva alikuwa ameacha kupiga honi. Sihaba akatoa simu, akamrekodia William ujumbe mbele ya Dullah, polepole, ili kila neno limfikie.

"Kaka William, Sihaba hapa. Minyororo ni mibovu. Hata ukiletewa ikiwa na kitambaa changu, usiifunge garini. Nitatafuta mingine, lakini kipupwe kitatangulia. Nisamehe."

Jibu la William lilikuja akiwa ndani ya teksi. "Ahsante kwa kutuambia, dada. Basi kina mama tutawabeba kwa machela."

Akalisikiliza mara mbili.

Nahla alimfungulia mlango akiwa na mwiko mkononi. Chumba chao cha mtaa wa Huanshi Zhonglu kilinukia pilau.

"Karibu, wifi. Umekuja wakati mzuri, Dullah anarudi sasa hivi. Hebu nisaidie, kanga yangu uliyonipa naitafuta wiki nzima. Nimepekua mpaka chini ya kitanda."

Sihaba akaingia. Akafungua mkoba, akamwaga vitambaa juu ya mkeka. "Dullah alivifunga kwenye mzigo mbovu," akasema.

Nahla alichuchumaa. Akaokota kimoja, akakinusa, akakunja uso. Akaokota kingine, na kingine, mpaka akakipata chenye doa la pasi. Akakilaza pajani, akakinyoosha kwa kiganja, mara moja, mara mbili.

Kisha akainuka, akaenda kuzima jiko, pilau ya Dullah ikiwa haijaiva.