Kilo Arobaini na Tisa

Jumanne saa nne asubuhi, timu ya magari ya mashindano ya kitivo cha uhandisi ilisukuma gari lake jipya juu ya mizani nne ndogo, kila gurudumu na mizani yake, ikakuta limezidi kilo arobaini na tisa. Kwenye michoro gari lilikuwa na kilo mia mbili na kumi na nne. Kwenye mizani lilikuwa na mia mbili sitini na tatu, na hakuna aliyekuwa ameketi ndani. Nahodha wa timu, msichana wa mwaka wa nne aliyependa kulaumu watu kabla ya kulaumu vitu, aliuliza nani amesahau sanduku la vifaa ndani ya gari. Hakuna aliyesahau. Wakalishusha, wakazijaribu mizani kwa mifuko ya saruji, zikasema kweli, wakalipandisha tena. Uzito ulikuwa palepale kwenye kiti, ukielemea upande wa kushoto.

"Anaegemea kushoto," alisema Spana. "Kama kawaida yake."

Spana ndiye aliyekuwa mkaza bolti wa timu, na jina hilo alipewa wiki ya kwanza. Aliyekuwa akiegemea kushoto ni Kibiriti, dereva wao, binti mfupi mwenye hasira za karibu na kicheko cha karibu zaidi, aliyefariki mwaka uliotangulia katika majaribio kwenye uwanja wa kuegesha magari nyuma ya maktaba. Nahodha akafungua faili la vipimo vya madereva. Kibiriti, pamoja na kofia yake ya kuendeshea: kilo arobaini na tisa. Akalifunga faili, akaandika uzito huo ubaoni chini ya injini na betri, na watu wakarudi kazini, kwa kuwa mashindano yalikuwa yamebaki wiki tano.

Kiti ndicho pekee kilichotolewa kizima kwenye gari la zamani na kufungwa kwenye jipya. Kilikuwa kimefinyangwa kwa umbo la mgongo wa Kibiriti, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kukitupa.

Katika timu ile bolti haikukazwa na mtu mmoja. Mmoja alikaza kwa spana ya kipimo mpaka ilie kuonyesha imetosha, na mwenzake akachora kwa rangi ya njano mstari mwembamba kutoka kwenye kichwa cha bolti hadi kwenye chuma. Bolti ikilegea, mstari unakatika, na hata mtu anayepita na kikombe cha chai mkononi anaona. Ulikuwa utaratibu mzuri, na ungeendelea kuwa mzuri kama wafadhili wasingetaka picha. Mhadhiri aliyekuwa mlezi wa timu aliingia karakana mchana mmoja, siku chache kabla ya ajali, akaliangalia gari la wakati ule, akasema kwamba gari lisilo na mistari litaonekana halijakamilika. Akawaambia wachore mistari yote siku ileile na kukaza baadaye. Wakachora. Picha zikapendeza mno, na moja bado inaning'inia kwenye korido ya utawala.

Kesho yake walianza kuzirudia bolti moja moja: kufuta, kukaza, kuchora upya. Zilikuwa mia tatu na nane. Spana alipofika kwenye pedali ya breki aliona mstari ulionyooka vizuri, akadhani ameshapita hapo, akasogea mbele. Ulikuwa mstari wa picha. Mlezi naye alisaini fomu ya ukaguzi wa breki akiwa ofisini kwake, maana alikuwa na kikao na karakana iko mbali na ofisi. Siku tatu baadaye pedali ilichomoka chini ya mguu wa Kibiriti, na gari likaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa tangi la maji. Ripoti ya chuo ilikuwa na ukurasa mmoja na sahihi tatu. Ilisema dereva alichelewa kukanyaga breki, na kwamba chanzo cha ajali ni kosa la dereva.

Spana aliandika barua ya kurasa tatu kueleza habari ya mistari. Barua ikapokelewa, ikagongwa muhuri kuonyesha kwamba imepokelewa, na mambo yakaishia hapo. Yeye hayakumwishia. Alikuwa na huzuni ya kweli, ya kukaa na sahani mbele yake mpaka chakula kikapoa, na alikuwa na aibu iliyoizidi hiyo huzuni.

Wiki mbili zilizofuata ile Jumanne ya mizani walikuwa wakipunguza uzito. Walitoboa vishikizo, wakabadilisha betri, wakakata kila chuma kilichokuwa kinazurura bila kazi. Gari likapungua kilo kumi na moja. Kibiriti hakupungua hata gramu. Mtu wa injini alisema kwamba alipokuwa hai alikuwa hali chakula cha mchana, anajipunguza kwa ajili ya timu, na sasa hivi hana haraka. Wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Ukazuka ubishi iwapo ahesabiwe kama sehemu ya gari au kama dereva wa pili, jambo ambalo kanuni za mashindano zilikataza. Nahodha akaamua kwamba ni sehemu ya gari.

Spana hakuona haki mama wa Kibiriti asijue. Jumatano alikwenda kwenye kliniki ambako mama huyo alikuwa muuguzi wa watoto, akasubiri kwenye benchi kati ya wazazi na vichanga vyao. Mama alikuwa akipima. Alimning'iniza mtoto kwenye mizani, akasoma, akaandika kwenye kadi, akamrudisha kwa mwenyewe. Foleni ilipoisha, Spana akamweleza.

"Anapima ngapi?" mama aliuliza.

"Arobaini na tisa, mama."

"Na kofia?"

"Na kofia."

"Basi hajapungua," alisema mama, akavua glavu zake. "Wewe ndiye uliyeandika ile barua?"

"Ni mimi, mama. Bolti niliiruka mimi."

Mama akazitupa glavu kwenye ndoo. "Nilikuchukia sana, mwanangu," alisema. "Bado nakuchukia kidogo. Nitakuja kesho, zamu ikiisha."

Alikuja saa tisa alasiri, na sare yake ya kazi. Walimwekea kiti, akakataa, akasimama mbele ya gari na kuzisoma namba kwenye mizani zote nne, huku midomo ikicheza kama mtu anayejumlisha. Mlezi wa timu alikuwa ameitwa, naye alisimama mlangoni na simu mkononi.

"Mama amefika," mama aliliambia gari. "Umekaa vibaya. Kaa vizuri."

Uzito ukatoka kushoto, ukakaa sawa kwa sawa. Mama akaitikia kwa kichwa.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja tu. Siku ile, ulikanyaga breki?"

Uzito ukahama kutoka nyuma kwenda mbele, kilo sita upande huu, kilo sita upande ule. Pedali ya breki ikashuka yenyewe mpaka mwisho, na taa nyekundu ya nyuma ikawaka. Ikazimika, ikawaka tena. Mara ya tatu ilikaa imewaka muda mrefu, mpaka Nahodha akaanza kuwaza habari ya betri.

"Basi mwanangu, inatosha," alisema mama. "Nimeona."

Taa ikazimika. Mama akamgeukia mlezi, akamwambia ana ombi moja na hahitaji kingine chochote, si pole wala rambirambi. Anataka maneno "kosa la dereva" yaondolewe kwenye ripoti.

Mlezi alisema kwamba mizani zile hazijahakikiwa tangu mwaka jana.

"Baba, mimi nimepima watoto miaka ishirini na miwili," alisema mama. "Mizani ikiwa mbovu, inamkosea kila mtu. Haichagui."

Mlezi akakohoa. Akaeleza, kwa upole mwingi, kwamba ripoti ilishafungwa, na ili ifunguliwe ni lazima apatikane shahidi mpya aliyekuwa ndani ya gari wakati wa ajali.

"Yumo," alisema mama.

"Awe na uwezo wa kusaini, mama."

Spana akasema yeye ana uwezo huo. Akasema tena, mbele ya wote, kwamba mistari ilichorwa kabla ya bolti kukazwa, na akamtaja aliyeagiza. Mlezi hakukasirika. Alimwekea mkono begani, akamwambia unamaliza mwaka huu, kijana, usijiharibie. Kisha simu yake ikaita, akatoka nayo nje, na hakurudi.

Mashindano yalifanyika Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wakaguzi walilipima gari, kisha kiti peke yake, wakauliza mbona kiti kinaonyesha kilo hamsini na mbili. Nahodha akaeleza kwamba kilo tatu ni za kiti na zilizobaki ni za dereva wao wa zamani. Wakapekua kanuni, hawakukuta katazo la dereva wa zamani, wakaandika. Dereva mpya, kijana wa mwaka wa pili, alikaa juu yake kwa heshima baada ya kuomba radhi. Alikuja kusema kwamba kila kona breki ilikanyagwa kabla mguu wake haujafika. Walishika nafasi ya kumi na saba kati ya timu ishirini. Wakapewa pia cheti cha breki bora, na mlezi akapanda jukwaani kukipokea, akashukuru kwa niaba ya chuo.

Baada ya mashindano, kama ilivyo kila mwaka, gari lilibomolewa ili vipuri vitumike tena. Injini ikaenda rafuni, magurudumu yakaenda rafuni, na uzito ukabaki kwenye kiti. Mama akaandika barua kuomba apewe kiti hicho. Barua hii ilijibiwa siku ileile. Mlezi alisaini kibali cha kutoa mali ya chuo: kiti kimoja kilichotumika, kilo tatu.

Spana na wenzake watatu walikibeba kutoka karakana hadi getini, wakipumzika mara mbili njiani, na mama akitembea kando, mkono wake ukiwa hewani kidogo juu ya kiti, mahali ambapo kichwa kingekuwa. Nje ya geti, mjomba wa Kibiriti alikuwa anasubiri na pikapu. Mlinzi alikipokea kibali, akakisoma, akawatazama wanne wale wakihema.

"Hapa pameandikwa kilo tatu," alisema.

"Ni hamsini na mbili," alisema Spana. "Shika mwenyewe uone."

Mlinzi akashika upande mmoja, akainua, akaachia. Akasoma kibali mara ya pili, polepole, mpaka chini kwenye sahihi na muhuri. Alikuwa mtu mzima mwenye familia, na kazi yenyewe ilikuwa ya mkataba wa miezi sita sita. Akafungua daftari lake la geti, akachukua kalamu, akasita.

"Sasa mama, mimi niandike ngapi?"

"Andika tatu, baba," alisema mama. "Wakubwa wako walishasaini."

Mlinzi akaandika tatu, akafungua geti. Wakakipandisha kiti kwenye pikapu, nayo ikainama nyuma. Mama akapanda, akakaa chini kando yake, akavuta mikanda ya kiti na kuifunga mmoja baada ya mwingine, kisha akamgongea kaka yake kwenye kioo ili aondoke.