Mchumba wa Kabatini

Jioni ya tamthilia, Chumvi alikabidhiwa wadhifa mzito: kujificha ndani ya kabati, katikati ya jukwaa la shule, na kumnong'onezea Kiranja maneno yake. Kiranja alikuwa na kifua cha shujaa, sauti ya radi na kichwa kisichoshika kitu. Mwalimu alikwisha kumwagiza: "Kabati likinong'ona, sema. Usifikiri." Kiranja alikuwa mtiifu.

Tamthilia yenyewe ilikuwa ya zamani. Mchumba, ndiye Kiranja, anakuja kuposa; binti anavaa nguo za mtumishi ili ampime. Binti huyo alikuwa Sindano, ambaye Chumvi alimpenda kimyakimya, maana mdomo wa kijana huyo, hodari wa kutania shule nzima, ulikauka kila alipomwona. Leo Kiranja amchumbie mbele ya watu? Thubutu! Chumvi akapanga njama.

"Mtumishi mrembo," alinong'ona, "mimi naogopa kuku."

"Mtumishi mrembo," Kiranja akanguruma bila kupepesa jicho, "mimi naogopa kuku!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Sindano hakutetereka hata kidogo.

"Pole, bwana. Umekosea nyumba. Hapa baba mkwe wako ni jogoo."

Watu wakavunjika mbavu. Chumvi, jicho kwenye tundu la ufunguo, akasahau njama yote. Ala! Mtu anatupiwa jiwe, analidaka, analirudisha likiwa ua! Mdomo ukamponyoka:

"Nimekupenda tangu ulipopanda paa la bweni kushusha mpira, nami nikashika ngazi huku natetemeka."

"Nimekupenda," Kiranja akatangaza, "tangu ulipopanda paa la bweni kushusha mpira, nami nikashika ngazi huku natetemeka!"

Sindano akaligeukia kabati. Mchana ule wa mpira walikuwa wawili tu: yeye juu, Chumvi chini. Akampita Kiranja, akafungua kabati. Chumvi akaporomoka sakafuni, koti la kuigizia la baba mkwe, lililotundikwa mle ndani, limemfunika kichwa.

"Bwana Kabati," Sindano akasema, "hebu rudia. Kwa mdomo wako."

Mdomo, kama kawaida yake, ukakauka. Pembeni, Mwalimu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Ndipo Kiranja, muungwana asiyejua kinyongo, akachuchumaa na kumnong'onezea:

"Sema, ndugu yangu. Usifikiri."

Chumvi akasema. Sauti haikufika hata safu ya kwanza, lakini ilimfika Sindano, naye akainama, akamfunua lile koti.