Majani ya Sebuleni kwa Brightson

Saa kumi na mbili asubuhi Kokuberwa, mjane mkazi wa Goba, alikuwa shambani anapima majani ya ng'ombe wake kwa kiuno chake mwenyewe. Bwana shamba alimwambia asikate kabla hayajafika hapo, na kila akikata amwage samadi. Mavuno yataongezeka. Shida ni kwamba shamba lilibaki nusu. Nusu nyingine ilimezwa na ukuta wa jirani yake, Brightson, aliyejenga wakati Kokuberwa yuko Bukoba anamzika mumewe. Kwa nusu iliyobaki ng'ombe wake, Subira, hakuwa anashiba, na asiposhiba atauzwa.

Akamwaga samadi. Mvua ikanyesha. Mavuno yakaongezeka kweli, ila ng'ambo ya ukuta. Majani yalipasua marumaru za sebuleni kwa Brightson, yakasimama mistari minne kati ya makochi na televisheni, yakaishia pale pale ulipokuwa mpaka wa zamani. Upande wa Kokuberwa yalibaki kama ndevu za mgonjwa.

Brightson akaja kugonga. "Shikamoo, mama. Majani yako yananizibia taarifa ya habari."

"Marahaba, baba. Nije na mundu au na hati ya kiwanja?"

"Njoo na mundu."

Ikawa kila asubuhi anapiga hodi, anavua ndala, anakata. Eliaichi, mke wa Brightson, anainua miguu kochini kumpisha. Subira akanenepa.

Mzee Mwinjuma, mwenyekiti wa mtaa, akaitwa aone mpaka. Akanywa soda yake taratibu, akasema mpaka unaonekana vizuri, hata kipofu angejikwaa. Ila ukuta ni wa tofali, na majani hayana mhuri.

Kesho yake Brightson akabadilisha kitasa. "Yanayoota kwangu ni yangu, mama."

Subira akakonda mpaka mbavu zikahesabika. Akauzwa. Aliyemnunua ni Brightson. Alisema majani anayo, ng'ombe ndiye hana.

Sasa Subira anakula amesimama kwenye zulia. Jumamosi Kokuberwa anafunguliwa mlango azoe samadi, kazi ambayo nyumba ile hakuna anayeiweza. Hamwagi nje. Anairudishia kwenye mistari, shina kwa shina.

"Mama, unahangaika bure," anasema Eliaichi.

"Mie shamba langu halilali njaa kwa ajili ya wageni."

Anavaa ndala, anauzunguka ukuta kurudi kwake. Umepakwa rangi mpya, nyeupe kama maziwa.