Kivuli cha Chiriku

Uvumi ulianzia kwenye ngazi, kama uvumi wote wa jengo lile. Lifti ilikufa zamani, na watu wakipumzika ghorofa ya pili na mizigo yao ni lazima waseme neno. Safari hii walisema kwamba maua ya kivulini hayaishi kwa maji na udongo peke yake. Yanakula kivuli. Yakimaliza cha ukuta, yanatafuta cha mtu.

Mama Chiriku aliyasikia hayo akiwa amekumbatia chungu cha mmea wenye majani mapana. Alikuwa mpiga pasi kwa dobi, mtu wa kazi, hana nafasi ya maneno ya ngazi. Lakini neno lile lilimganda kama uzi kwenye sketi nyeusi. Akipiga pasi, analo. Akioga, analo.

Alirudi kwa muuza miche, kando ya kituo cha mafuta.

"Eti huu mmea unakula kivuli?"

"Nani asiyekula?" alisema muuza miche, mpira wa maji mkononi. "Wewe uweke kivulini, usiupeleke juani utaungua. Ila kivuli cha ukuta ni kikavu, mama. Huu unapenda kivuli kinachotikisika. Cha mti, cha nguo kwenye kamba, chochote chenye uhai."

"Kwangu kuna ukuta tu."

"Basi utachelewa kurefuka. Kama mimi."

Muuza miche alikuwa mfupi, na utani huo aliurudia kwa kila mteja.

Kweli kwake kulikuwa na ukuta tu. Balkoni ilitazamana na jengo jirani, karibu kiasi kwamba watu wangeweza kupeana chumvi kwa kunyoosha mkono, ingawa hawakuwahi kupeana. Jua halikufika hapo hata kwa bahati mbaya. Mbele kulikuwa na wavu wa chuma kutoka sakafuni hadi juu. Mlango ulikuwa wa kioo, na komeo lake lilikuwa upande wa ndani.

Komeo lilikuwa kwa ajili ya Chiriku, mtoto wa kike wa miaka mitano, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake. Baba yake alikuwa mwoka mikate. Aliingia asubuhi ananuka hamira, akalala mpaka alasiri. Mama yake alitoka asubuhi hiyo hiyo. Hapo katikati mtoto aliwekwa balkoni pamoja na mkeka, sahani, kikombe na ndoo ya haja.

"Mwanangu, baba amelala," mama alimwambia kila siku akisukuma komeo. "Ongea na maua. Ila kwa kunong'ona."

Maua yenyewe yalinunuliwa kwa sababu ya Mama Pazia, jirani wa mlango wa pili, ambaye siku zote alikuwa nyuma ya pazia lake. Alikuwa ameanza kuuliza maswali. Balkoni yenye mtoto na ndoo, mtu ataisemea. Balkoni yenye mtoto, ndoo na mimea ni bustani.

"Jamani, umemtengenezea bustani!" alisema Mama Pazia. "Sisi tuliwahi mno kuzaliwa."

Mwanzoni mimea haikushika. Mnanaa ulirefuka shingo ukitafuta mwanga, spinachi ikawa njano, na ule wa majani mapana ukakaa vile vile, kama mgeni aliyesusa. Chiriku alimsikia mama akimsimulia baba maneno ya muuza miche. Kesho yake alisogeza mkeka mpaka kwenye chungu, akakaa, akaanza kujitikisa huku na huku.

"Unafanya nini wewe?" aliuliza mama.

"Naupa kivuli. Changu kinatikisika."

"Haya. Usipige kelele tu."

Baada ya hapo mmea ulichachamaa. Majani yakawa makubwa kama sinia. Mama aliyafuta kwa kitambaa chenye maji, akafurahi, na hakuona kitu kingine, kwa kuwa pale balkoni hakuna aliyekuwa na kivuli cha kuonekana, mkubwa wala mdogo.

Ilionekana siku ya chanjo. Foleni ilikuwa nje, juani. Ilikuwa mara ya kwanza Chiriku kukanyaga jua tangu chungu kile kipandishwe ngazi. Muuguzi alimtazama mtoto, akatazama chini.

"Mama, kivuli cha huyu kiko wapi?"

Mama aliangalia. Kivuli chake mwenyewe kililala juu ya kokoto, mkono umenyooshwa, umeshika hewa.

"Atakuwa amekiacha nyumbani."

"Wengi wanaacha. Hasa wa maghorofani," alisema muuguzi, akifungua sindano. "Mkono wa kushoto."

Chiriku hakulia. Hakusema hata "uwi".

"Mtoto mtulivu huyu," alisema muuguzi. "Umemlea vizuri."

Mama alisema asante.

Walipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja balkoni. Pasipo jua wala taa, mmea ulikuwa umetupa kivuli ukutani, kivuli chenye mikia miwili ya nywele. Kilikuwa kinaruka kamba. Kilianguka, kikainuka, kikacheka mdomo wazi, na hakikutoa sauti yoyote.

Baba aliamka, akaja anajikuna tumbo.

"Kumbe ndiyo maana siku hizi nalala vizuri," alisema.

"Ni cha mwanao hicho."

"Nakiona. Kimechukua miguu yangu."

Mama alikwenda tena kwa muuza miche. Alimkuta anafunga mzigo wa mteja.

"Kinarudi?"

"Kinarudi, mbona. Mtoto atolewe juani kila siku, akimbie mpaka atoke jasho. Kitamfuata chenyewe. Ila msichelewe. Kikishatoa mizizi kwenye chungu, ndiyo basi tena."

"Nani amtoe?"

Muuza miche alifikiri. Hakuwa mtu mbaya.

"Mimi nauza miche, mama," alisema.

Nyumbani, mama na baba walizungumza juu ya jambo hilo wakinywa chai. Baba hawezi, analala. Mama hawezi, dobi atachukua mwingine, wako wengi wanaosubiri pasi ile. Mama Pazia alisema angemtoa yeye kwa moyo mmoja, tatizo magoti. Walijaribu kuingiza chungu sebuleni, lakini kivuli kiliruka kamba juu ya kabati, kikitikisika mbele ya macho ya baba mpaka akashindwa kulala, wakakirudisha.

"Tutaona akianza shule," alisema baba.

"Tutaona," alisema mama.

Chiriku alikuwa hapo hapo mezani. Aliulizwa kama anataka sukari nyingine. Hakujibu, akawekewa.

Asubuhi yake mama alitandika mkeka. Akaweka sahani, kikombe na ndoo. Akasukuma komeo, akasema, "Baba amelala," kwa mazoea tu, maana hakuna aliyekuwa amepiga kelele. Kabla ya kutoka aligeuka, akatazama kupitia kioo. Mtoto alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono mapajani. Kilichompungia mkono ni kile cha ukutani.

Naye akakipungia, akaenda kazini.

Wenye balkoni za kivuli, ya kuepuka ni haya:

Usimwagilie kila siku. Kivulini udongo haukauki upesi, mizizi itaoza.

Usitumie chungu kisicho na tundu chini.

Usipande nyanya wala pilipili. Zinataka jua, utazionea bure.

Usinunue mmea wa kivuli kabla hujajua hicho kivuli utakitoa wapi.

Usimwachie mtoto kazi ya kuongea na maua.

Usifunge komeo ukasema ni kwa leo tu.

Usifurahie mtoto kunyamaza kabla hujamtoa nje ukamtazama chini ya miguu.