Mdomo wa Tangi

Miguu ilipita, mapaja yakapita, kiuno kikakataa. Akabaki amening'inia, nusu ndani ya tangi nusu nje, viganja vimekandamiza zege, miguu ikipapasa ngazi ya kamba huko gizani.

"Toa pumzi yote, shemeji," alisema kaka wa mkewe, anayevuta ndoo.

Akaitoa yote. Tumbo halikuwa na habari.

Ikabidi avutwe makwapani kama gunia. Mlinzi wa jengo akacheka bila ubaya, akasema mzee mambo yamemnyookea, kazi ya mashimo sasa awaachie wenye njaa. Walicheka wote watatu, na yeye akawazidi kwa kicheko. Kazi hiyo wakaikosa.

Wembamba ndio uliomlisha miaka yote. Matangi yale ya chini ya ardhi yalijengwa na watu ambao hawakufikiria kwamba iko siku yatasuguliwa. Mtu huingia mkono mmoja juu, mwingine ubavuni, kama anayevaa shati la mdogo wake. Wasafishaji wengine walikuja, wakaupima mdomo kwa macho, wakaaga. Yeye aliteleza tu, na shemeji yake, pande la mtu, akabaki juu kupokea tope.

Mwaka mmoja kabla ya kukwama huko, ilimwingia huzuni isiyo na msiba. Hakufiwa, hakuachwa. Siku moja alimaliza kusugua, akakaa chini humo humo tangini, akaona hakuna haja ya kutoka. Shemeji aliita mpaka sauti ikamkauka, mwishowe akaenda kumleta dada yake. Mke, asiye na mzaha katika mambo hayo, alimtoa kwa maneno, akampeleka hospitali amemshika mkono.

Akapewa vidonge. Polepole usingizi ukarudi, utani ukarudi, na njaa ikarudi na ukoo wake mzima. Akala. Mtaa ukampongeza: amenawiri, kumbe mkewe anajua kutunza. Alipokuwa anakufa na wembamba wake, hakuna aliyeona kitu.

Nesi alikuwa amemwambia dawa ikimnenepesha asiiache, arudi, ziko nyingine. Lakini alijiona ameketi mbele ya binti yule, mtu mzima na ndevu zake, akilalamikia unene, na aibu ikamshika. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wasemavyo. Yeye maradhi hakuyaficha. Alichoficha ni tumbo.

Basi kila asubuhi akawa anakitia kidonge mdomoni mbele ya mkewe, anakunywa maji, anatoka nje na kukitema mtaroni. Mkanda ukarudi tundu moja, kisha la pili. Usingizi nao ukaaga, na utani ukaufuata nyuma.

"Baba watoto," mkewe alimwuliza, "dawa unakunywa?"

"Si unaniona?"

Alimwona kweli, na akamwamini. Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Wakaitwa tena kwenye jengo lile lile. Mlinzi alimtazama juu mpaka chini, akampa pole, akauliza alikuwa anaumwa nini. Alijibu ni homa tu. Kisha akaingiza miguu, mapaja, kiuno, mabega, na zege halikumgusa popote.

"Sasa umerudi, shemeji yangu," alisema yule wa juu, na furaha ilikuwa ya kweli. Alikuwa na watoto wa kulisha.

Alisugua kama alivyosugua siku zote. Kwa kazi hakuwahi kulaumiwa na mtu. Alianza kuta, akafuata pembe ambazo tope hupenda kujificha, mwisho sakafu. Ndoo zilipanda zimejaa, zikashuka tupu. Ndoo ya mwisho akaitia brashi yake, akaacha ivutwe, akaketi pale palipoanza kukauka.

Juu kabisa mdomo wa tangi ulikuwa mweupe. Kichwa cha shemeji kikauziba, kikauliza kama amemaliza. Alitaka kujibu. Lilikuwa neno moja tu, na alilitafuta kwa uaminifu, lakini lilikuwa mbali, na kufika huko kulitaka nguvu ambazo hakuwa nazo.

"Shemeji?"

Ngazi ya kamba ikatikiswa, kwanza polepole. Kidato chake cha mwisho kikamgonga goti, kikaenda, kikarudi, kikamgonga tena.