Silikoni Haipakwi Juu ya Maji

Mimi ni Kokwijuka, fundi magari wa Isingiro, na hakuna kinachonipandisha hasira kama mtu kupaka silikoni, ile gundi ya kuzibia mivujo, juu ya chuma kilicholowa. Mama yangu alikuwa akitengeneza rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mtumbwi wake wa kukamulia ndizi ukipasuka, hakuuziba hata siku moja kabla haujakauka. Ukiziba majimaji, alisema, umeziba macho yako tu.

Jumamosi moja, saa tano asubuhi, mzee Elick alisimamisha mbele ya gereji yangu gari-nyumba, lenye kitanda na jiko ndani, aliloazimwa na rafiki yake wa Bukoba. Lilikuwa linafuka mvuke. Kitandani alilala mkewe, mama Felicitas, aliyekuwa anatoka kutibiwa mgongo huko Bukoba kwa miezi minne na hawezi safari ya kuketi. Binti yao Placidia alikuwa anaolewa siku hiyo, na saa tisa angeondoka nyumbani kwao Bugomora. Kwetu bibi harusi haondoki kabla mama hajampakata mapajani. Mama asipokuwepo, humpakata shangazi, na binti akishavuka lango hageuki nyuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Paka upesi tuondoke. Fundi wa kule Ihanda alitumia dakika tano tu."

"Ndiyo maana uko kwangu."

Nilikuta silikoni imerundikwa juu ya kifuniko cha themostati, pale maji ya kupoza injini yanapopita, kama ugali wa msibani, na maji yakichuruzika chini yake. Niliibandua yote kwa kidole kimoja. Nikamwaga maji, nikafungua kifuniko, nikakwangua, nikapiga msasa, nikafuta kwa petroli mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Nikapaka mstari mwembamba, nikakaza bolti. Kisha nikatia ufunguo wa gari mfukoni mwa ovaroli yangu.

"Tunasubiri saa moja na nusu ikauke," nikasema.

"Binti yangu anaondoka! Nipe ufunguo wangu!"

Sikumpa. Lakini nisidanganye, niliitazama saa mara mbili. Kama nimekosea, mama yule asingeipata tena siku ile.

Sauti yake ikatoka dirishani. "Elick, keti. Kusubiri nimezoea. Ninachoogopa ni kulala njiani."

Mzee akaketi juu ya tairi bovu, akaninunia.

Saa saba na nusu nikajaza maji, nikawasha, nikaacha injini ipate moto sawasawa. Nikapitisha kiganja chini ya kifuniko. Pakavu kabisa. Nikamrudishia mzee ufunguo wake na mimi mwenyewe nikapanda, maana kazi yangu naijua na nilitaka aione.

Vilima vyote vile, mshale wa joto haukusogea. Tuliingia uani Bugomora saa tisa kasoro dakika tano. Shangazi alikuwa ameshaketi mkekani, miguu ameinyoosha, tayari kumpokea binti. Placidia alipoliona gari akakunja gauni lake na kukimbia, akapanda ndani.

Tulimwinua mama Felicitas, tukamwegemeza kwa mito. Placidia akaketi mapajani pake, lakini mikono yote miwili ameshika ukingo wa kitanda, anaogopa kuilemea miguu ile iliyokonda. Mama yake akaubandua mkono mmoja, kisha wa pili.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Sikutoka Bukoba kuja kukupakata nusu."